Kikao cha ushauri kwa wahitimu wa kidato cha nne, Tudor, Mombasa

Nilimpeleka binti yangu, aliyefanya KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, mwaka jana, kwenye kikao cha ushauri cha asubuhi moja hapa Tudor, nami sijutii ada niliyolipa. Mshauri, mama mtulivu wa makamo, hakuwahubiria vijana. Aliwaketisha mmoja mmoja, akashika kalamu nyekundu na kuwaonyesha kwamba aliyekosa C+ ya kuingilia shahada bado ana stashahada na kozi za ufundi, ambazo nazo huombwa kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Binti yangu, ambaye hakuwa akiinua uso tangu matokeo yatoke, alianza kuuliza habari za ubaharia. Kasoro ni ukumbi: feni moja kwa watu arobaini, katika joto hili la kaskazi, ni mateso, na chai ilikwisha kabla hatujaifikia meza.