Kadi ya bei nafuu ya supamaketi, na jinsi ilivyomwanika mama yangu mbele ya mstari wa watu

Nianze na uzuri wake, maana hasira ikinishika sitarudi huku. Kadi inapunguza bei kweli. Mafuta ya kupikia, maziwa ya unga, sabuni, karatasi za choo: kwa nyumba yenye watu wengi kama yangu, mwisho wa mwezi tofauti unaiona mkononi. Na supamaketi yenyewe, hapa hapa Lubumbashi mjini, ni safi. Umeme ukikatika mchana kutwa jenereta yao inanguruma, na samaki thomson wa kwenye friji zao hajawahi kuninukia. Kwa hayo ningewapa nyota tatu, labda nne.

Sasa niwaeleze yaliyonipata.

Kila kitu pale kina bei mbili kwenye lebo moja. Ile kubwa nyekundu ni ya mwenye kadi. Ile ndogo nyeusi ni ya mtu mwingine yeyote, hata awe ameingia na pesa zake halali mfukoni. Ili upate nyekundu unajaza fomu: jina lako lote, namba ya telefone, tarehe ya kuzaliwa, komini (sehemu ya mji) na avenyu unayokaa, una watoto wangapi, na namba ya kadi ya mpiga kura, ambayo kwa wengi wetu hapa Kongo ndiyo kitambulisho tulicho nacho. Nilijaza yote nikiwa nimesimama, kalamu imefungwa kwa kamba, watu wananisukuma nyuma. Hakuna aliyenieleza habari zile zinakwenda wapi wala nani atazisoma. Chini ya fomu palikuwa na maandishi madogo ya Kifaransa, na binti wa mapokezi alikwisha kuvuta karatasi kabla sijayafikia nusu.

Mama yangu mzazi anakaa kwangu. Ana ugonjwa wa sukari, miguu imemlegea, na usiku anavaa nepi za watu wazima. Jambo hilo nyumbani tulilijua yeye, mimi na binti yangu mkubwa, basi. Mama ni mjane wa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mwanamke ambaye hadi leo havuki mlango bila kikwembe kilichopigwa pasi, na aliniomba kitu kimoja tu: wajukuu wadogo wasijue. Kwa hiyo nikinunua zile nepi naziweka chini kabisa ya mfuko, nafunika na unga wa bukari (ugali), na zinaingia chumbani kwake watoto wakishalala. Tuliishi hivyo muda mrefu bila shida.

Pakiti moja ilikuwa franka 34,000 bila kadi, na 28,000 ukiwa nayo. Na mgonjwa hamalizi mwezi kwa pakiti moja. Piga hesabu mwenyewe, kisha uniambie kama mtu anayeishi kwa mshahara wa ualimu ana hiari ya kuikataa kadi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mistari imefika hadi kwenye rafu za biskuti. Nyuma yangu alisimama mama mmoja wa shirika letu la parokia. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto. Zamu yangu ikafika, mashine ikakataa kusoma kadi. Keshia, binti mdogo mwenye haraka, akasema: "Mama, unipatie tu namba ya telefone." Nikaitaja kwa sauti ya chini. Muziki ulikuwa juu, hakusikia. Nikaitaja tena kwa nguvu, tarakimu moja moja, watu wote wakisikia.

Kioo cha mashine yao kinawatazama wateja. Likatokea jina langu lote, likafuata jina la komini, na chini yake orodha ya vitu ninavyonunua mara kwa mara. Binti akasoma kilichokuwa juu ya orodha, kwa sauti ileile ya kushindana na muziki: "Mama, leo haubebi zile pampasi za bantu bakubwa? Mashini inaonyesha saa hii zimekwisha kwenu. Na ziko mu promosio!"

Sikumjibu. Nyuma yangu nikasikia: "Yo! Ni nani anagonjwa kwenu, Mama?"

Nilisema hakuna. Nililipa huku mkono ukitetemeka, noti zikaanguka chini, yule mama wa shirika akaniokotea.

Binti yule hakunitukana. Alitabasamu. Alidhani ananisaidia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu maana yake alifundishwa kufanya vile. Mashine ilikaa ikahesabu nepi za mama yangu zitaisha lini chumbani kwake, halafu ikamwekea mtoto wa watu maneno mdomoni ayatangaze.

Jumapili baada ya misa akina mama wawili walinishika mkono wakanipa pole. Katikati ya wiki wakaja nyumbani na ndizi, kwa moyo mwema kabisa, na mmoja akamwambia mama yangu usoni kwamba hata shangazi yake alifikia hali hiyo, asione haya. Mama aliwashukuru. Walipoondoka akaniuliza ni nani aliyewaambia. Nilimweleza yote tangu habari ya kadi. Alinisikiliza, kisha akasema kwamba hata wakati wa poso, ule mgao wa chakula wa Gécamines, kampuni ilijua kila nyumba ina watoto wangapi, maana unga ulipimwa kwa kuhesabu watu, lakini yule aliyepima hakusimama mbele ya mstari kusema kwa fulani kuna nini kitandani. Tangu hapo hajaenda tena kwenye mkutano wa shirika. Anasema ni miguu.

Nilikwenda kumwona meneja. Alinipokea amesimama, mlango wazi, telefone mkononi. Nilimweleza taratibu, nikamwita Papa ingawa ni mdogo kwangu. Akajibu: "Mama, karte ni kwa kupenda kwako, hatukukulazimisha. Kama hautaki bei ya karte, lipa bei ya bantu bote." Nikamwomba mambo mawili: jina langu litolewe kwenye mashine yao pamoja na orodha yote, na nipewe karatasi ya kuonyesha kwamba limetolewa. Akacheka. Akasema habari hizo haziko hapa, ziko kwa wakubwa, yeye hana uwezo wa kufuta. Halafu akasema neno ambalo sijalimeza hadi sasa: "Na pampasi nayo ni siri ya inchi?"

Ni siri ya mama yangu, Papa, na nchi imeiwekea ulinzi. Katiba ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Na tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna amri-sheria namba 23/010, ile inayoitwa Code du numérique, yaani sheria ya mambo ya dijitali, yenye sehemu nzima juu ya habari za watu: anayezikusanya lazima aeleze anazikusanyia nini, na mwenyewe ana haki ya kuziona, kuzisahihisha na kudai zifutwe. Mambo ya afya yamo katika yale yanayotakiwa kulindwa zaidi. Najua meneja atasema hakuandika popote kwamba mama yangu ni mgonjwa, ameandika nepi tu. Ni kitu kilekile. Mwaka 2012 gazeti la New York Times lilieleza jinsi mtaalamu wa takwimu wa maduka ya Target kule Marekani, Andrew Pole, alivyochambua manunuzi ya wanawake na kupata bidhaa kama 25 ambazo zikitazamwa pamoja zinaonyesha kwamba mwanamke ana mimba. Zilikuwa vitu vya kawaida: losheni isiyo na harufu, vidonge vya zinki na magnezi, pamba nyingi. Hakuna mwanamke aliyeandika kwenye fomu kwamba ana mimba. Kapu lake lilisema. Na kapu likiweza kusema mimba litasema pia sukari, presha, msiba, hata mume aliyehama nyumbani, kwa kuwa nyembe za kunyolea ndevu hazinunuliwi tena.

Wanaozipenda kadi hizi watanitajia Uingereza, na wana haki. Tesco walianzisha Clubcard yao mwaka 1995, na tangu 2019 wana bei za wenye kadi kama hizi zilizofika kwetu. Watu wakaanza kushuku kwamba bei ya kawaida inapandishwa kwa makusudi ili ile ya kadi ionekane ndogo. Mamlaka ya ushindani ya huko, CMA, ikachunguza bidhaa kama 50,000 katika supamaketi tano, na Novemba 2024 ikatoa jibu: asilimia 92 zilikuwa na punguzo la kweli. Nakubali kabisa. Lakini huko kuna mtu aliyetumwa kwenda kuhesabu. Mimi nilihesabu mwenyewe, kwa kutembea na daftari hadi soko la komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Sabuni ileile, bei ya sokoni ilikaribiana na nyekundu yao. Maziwa ya unga vilevile. Basi ile bei nyeusi wanayosema ni ya watu wote, hakuna mtu anayeilipa kwingine mjini. Ni faini ya kukataa fomu.

Kwa nepi siwezi kusema hivyo. Sokoni sikuziona, na kwenye duka la dawa nilikozipata zilikuwa ghali kuliko hata bei nyeusi. Hapo ndipo wanapotushika. Tajiri wa mtaa wa Golf akitaka atalipa bei nyeusi na kuondoka, na hakuna atakayejua nyumbani kwake kuna nini. Mama wa Katuba mwenye watoto saba na mgonjwa ndani atataja namba yake kwa sauti kila wiki, kwa sababu franka 6,000 kwake ni mboga ya kesho na keshokutwa, lengalenga na ndagala wake.

Nilitaka kuwaambia msikanyage pale kabisa. Sisemi hivyo, wale wanaofanya kazi mle ni watoto wetu, na samaki ni wazuri. Mwenye kadi tayari, asitaje namba kwa mdomo: aiandike kwenye kikaratasi, amwonyeshe keshia, airudishe mfukoni. Akatae kusomewa chochote kilichoko kwenye kioo. Na ambaye bado hajajaza fomu, aache wazi sehemu ya kadi ya mpiga kura na ile ya idadi ya watoto. Jirani yangu mmoja alifanya hivyo majuzi na kadi akapewa bila neno. Tulipokuwa tukizungumza naye ndipo damu ilinipanda upya, maana kama kadi inatoka bila hayo, basi yangu waliyachukua ya nini? Watoto wangu wanahusika nini na bei ya sabuni?

Zile nyota nilizotaja kwa ajili ya bei naziondoa. Punguzo halikuwa zawadi, nililipa kwa kitu ambacho hata hakikuwa changu cha kutoa, kilikuwa cha mama.

Na hawajaacha. Baada ya kumwomba meneja afute, baada ya kuchekwa, juzi jioni mtoto wangu wa mwisho aliniletea telefone inayolia. Yuko darasa la tano, Kifaransa anakisoma vizuri. Ulikuwa ujumbe wao. Alikuwa akiusoma kwa sauti tangu mlangoni, pamoja na jina la bidhaa na punguzo lake, na bibi yake ameketi hapo hapo. Akauliza nani anavaa hizo. Mama akainuka mwenyewe, na fimbo yake, akaingia chumbani bila kumaliza chakula.

Nimewaandikia barua. Ofisini kwao walikataa kuipokea, nikaiacha kwa mlinzi wa mlangoni mbele ya shahidi, na nakala ninayo. Nadai kile kioo kigeuzwe kimtazame keshia peke yake. Nadai mashine isimtajie keshia kitu ambacho mteja hakukiweka mezani. Na nadai karatasi yenye muhuri inayosema jina langu, namba yangu na kila kilichoandikwa chini yake vimefutwa, huku na huko kwa wakubwa wao. Isipokuja, naipeleka ile nakala parke, kwa mwendesha mashtaka, pamoja na ujumbe wa telefone, na nitakwenda na mama, kama atakubali kutoka.