Uzoefu wangu na Cash ISA hapa Uingereza: nilifuata riba kubwa, nikadaiwa pauni 234

Niko Reading mwaka wa tisa sasa, kazi yangu nesi, na kwa muda mrefu nilikuwa na akaunti moja tu ya akiba ya kawaida, niliifungua kwa simu nikiwa kwenye basi narudi zamu ya usiku kisa riba yao ilikuwa 4.5%. Hizi Cash ISA (wenyewe tunaita aisa tu), akaunti za akiba ambazo riba yake haikatwi kodi, nilikuwa naziona, ila nyingi zilikuwa 4.2 hivi, nikajisemea mimi nikubali riba ndogo ili iweje. Hela yenyewe pauni 26,000, ya kiwanja na kuanza msingi Tanga, sio ya mchezo.

Mazoea ya nyumbani ndo yaliniponza. Tanzania benki inakata 10% ya riba kabla haijakufikia, unachokiona kwenye akaunti ni chako, kwisha habari. Hata huku zamani walikuwa wanakata 20% juu kwa juu, wakaacha Aprili 2016. Siku hizi benki inakupa riba yote kama ilivyo, halafu mwaka wa kodi ukiisha tarehe 5 Aprili inapeleka taarifa HMRC, watu wa kodi wa huku, wewe hata huambiwi, unakula riba yako unajiona mjanja.

Oktoba 2025 ikaja barua. Riba yangu ya mwaka wa kodi uliokwisha Aprili ilikuwa 1,170 na nilishasikia kuna pauni 1,000 ya kwanza haikatwi kodi, kwa hiyo nikapiga hesabu, iliyozidi 170, asilimia 20 yake pauni 34, basi yaishe. Barua inasema 234! Nikadhani wamekosea, nikakaa na kalkuleta mpaka saa saba usiku, hawakukosea.

Ile 1,000 ni ya mtu anayelipa kodi ya 20%. Ukiingia kwenye 40% unabaki na 500 tu, na wenye mapato ya juu kabisa wa 45% hawana hata senti. Mpaka wa 40% ni pauni 50,270. Mimi mshahara na ovataimu ukitoa pensheni ulifika 49,600 nikajua niko salama, kumbe riba NAYO inahesabiwa kwenye mapato! 49,600 ujumlishe 1,170 ni 50,770, tayari nimevuka. Nimevuka kwa pauni 500 tu na hizo 500 zenyewe ni riba. Basi msamaha ukashuka mpaka 500, pauni 170 zikakatwa 20%, hiyo ndo 34 yangu, na 500 za juu zikakatwa 40%, yaani 200. Hawakunidai keshi, waliishusha tu ile 1257L ya kwenye salari slipu, namba inayoonyesha kiasi cha mshahara kisichokatwa kodi, na wakawa wanakata kidogo kidogo kila mwezi, sijui ningegundua lini kama nisingefungua barua, na barua za bahasha ya kahawia mnajua wenyewe tunavyozikimbia.

Riba ya ndani ya ISA haikatwi na wala haihesabiwi kwenye hayo mapato. Hicho ndo kitu sikukielewa, ile tofauti ya 0.3% kwenye 20,000 ni pauni 60 kwa mwaka, nikaikataa sitini nikalipa 234.

Novemba nikafungua, nikaweka 20,000 yote kwa mkupuo maana ndo mwisho kwa mwaka mmoja wa kodi, 6,000 iliyobaki ikakaa kule kwa zamani kusubiri Aprili. Kufungua dakika kumi, wanataka namba yako ya National Insurance, basi.

Sasa Januari bati la nyumba ya mama likaezuliwa na upepo. Nikatoa 3,000, Februari nikapata zamu za ziada nikataka kuzirudisha, app inagoma. Napiga simu, yule dada wa watu anaongea taratibu kabisa, anasema akaunti yako sio flexible, ulishajaza 20,000 ya mwaka huu, ukitoa umetoa. Hiyo nafasi ya 3,000 ikapotea hivyo. Flexible inakuruhusu kutoa na kurudisha ndani ya mwaka uleule wa kodi, na neno lenyewe limeandikwa kwenye masharti kwa herufi za kutafutia miwani. Sisi watu wa kutuma hela nyumbani hilo ndo la kuuliza kwanza kabla hata ya riba, maana dharura zetu hazipigi hodi.

Aprili nikahama kwenda benki nyingine yenye flexible. Kuhama usitoe hela mwenyewe ukaipeleka, ukifanya hivyo imeshatoka kwenye ISA. Unajaza fomu ya uhamisho kwa benki mpya wao wanavutana huko, kwa Cash ISA mwisho ni siku 15 za kazi, yangu ilichukua tisa.

Ila sio kila mtu anaihitaji. Shemeji yangu anafanya part-time, anapata 14,000 kwa mwaka, kwake kuna nafuu nyingine ya watu wa kipato kidogo, anaweza kupata riba ya pauni 4,570 bila kodi, na akiba yake haifiki huko hata iweje. Nilimwambia we fuata riba kubwa achana na mimi. Na wale mnaokwepa riba kwa ajili ya dini, Al Rayan na Gatehouse wanazo Cash ISA za kisharia, wanaita faida inayotarajiwa, lakini mkiiweka nje ya ISA HMRC wanaitoza kodi kama riba tu, jina haliwasumbui. Wa fiksi (hela unaifungia muda maalum) ya miaka miwili inayolipa mwishoni nao waangalie, riba ya miaka yote inahesabiwa mwaka mmoja inapotoka.

Serikali imetangaza pia Aprili 2027 chini ya miaka 65 kikomo cha Cash ISA kinashuka mpaka 12,000, na kodi ya riba ya nje ya ISA inapanda pointi mbili, 20 inakuwa 22 na 40 inakuwa 42. Kwa hiyo mwaka huu najaza yote 20,000, mume wangu kanuna anataka gari. Nikirudi Tanga moja kwa moja, mwaka ule wa kodi ukiisha sitaruhusiwa kuongeza hata pauni moja, iliyomo inaruhusiwa kubaki bila kodi ya huku, ila TRA, watu wa kodi wa Tanzania, nao wana macho yao.