Mashine ya umeme kwa maumivu ya goti: ipi ununue

Mashine ya TENS haijengi gegedu wala hairudishi goti lililosagika. Hupitisha umeme mdogo kwenye ngozi, na mtekenyo wake hufunika maumivu yasifike kwenye ubongo kwa nguvu ileile. Wazo lake limesimama juu ya nadharia ya lango ya watafiti Melzack na Wall, ya mwaka 1965: kwamba hisia za mguso hufunga njia ya maumivu kwenye uti wa mgongo, kama lango. Jambo ambalo muuzaji huwa halisemi ni kwamba mwongozo wa madaktari wa baridi yabisi wa Marekani wa 2019 ulishauri isitumike kwa goti lililosagika, na NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ikashauri vivyo hivyo mwaka 2022. Hata hivyo wapo wanaopata ahueni, zaidi wakati mashine imewashwa. Kwa hiyo usikope pesa kuinunua, na ukipata ahueni hiyo, itumie kufanya mazoezi ya misuli ya paja. Mazoezi ndiyo yenye ushahidi wa kutosha.

Ya kwanza kwangu ni ile ndogo ya mkononi yenye chaneli mbili (njia mbili za umeme) na pedi nne za kubandika, ambayo masafa yake, yaani idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde, unayapanga mwenyewe. Pedi mbili unabandika juu ya pia ya goti, kushoto na kulia, mbili chini yake. Anza na herzi 80 hadi 100, kisha pandisha nguvu taratibu mpaka usikie mtekenyo mzito usiouma. Kabla ya kulipa, uliza kama pedi za akiba zinapatikana hapo mjini. Pedi huisha gundi, na mashine nyingi huishia kabatini kwa sababu hiyo tu. Waya wenye pini ya milimita 2 utakufaa zaidi, kwani hukubali pedi za kampuni nyingi.

Ya pili ni yenye TENS na EMS pamoja. EMS hukaza misuli, nayo humfaa aliyedhoofika paja baada ya upasuaji, lakini aonyeshwe kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia. Kama huna mtaalamu, unalipia kitu usichokitumia.

Ya tatu ni mkanda wa goti wenye pedi ndani. Mzee ambaye mikono yake inatetemeka ataushukuru, ila pedi hazihamishiki, na saizi ikikosewa haugusi ngozi vizuri.

Mwisho kabisa ni ubao wa umeme wa kukanyagia kwa nyayo. Ni ghali, na umeme wake huwezi kuulenga kwenye goti.

Mwenye betri ya moyo (pacemaker) asitumie mashine hizi. Mjamzito na mwenye kifafa waongee na daktari kwanza. Usibandike pedi kwenye kidonda, mbele ya shingo, wala kwenye ngozi iliyokufa ganzi. Wenye kisukari wawe waangalifu sana hapo. Goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, nenda hospitali kwanza.