TAHADHARI: Anayeuza "RAM mpya" na kuchangamsha kompyuta hapa Mjini

Asalaam alaykum wenzangu wa Unguja na Pemba. Kuna kijana anapita maskulini na maofisini hapa Mjini akijinadi kuwa anachangamsha kompyuta nzito, na nasikia kashavuka mpaka Chake. Jina lake silitaji. Namtaja kwa vitendo vyake, mtamjua tu.

Anakuomba uiwashe mbele yake, akae aitizame inavyojikokota. Halafu anachomeka flashi, anafungua programu yake, linatoka boksi jekundu: hitilafu 1,486. "Bi mkubwa, RAM imekufa hii, na vairasi kashaingia." (RAM ni kile kipande ndani ya kompyuta kinachoshika kazi unazozifanya kwa wakati ule.) Shilingi 85,000 kwa RAM mpya, nusu mkononi. Anaondoka nayo, magharibi anairudisha inawaka chapuchapu. Mteja hana la kulalamika, kwani kweli imekuwa nyepesi!

Ya dada yangu, mwalimu wa skuli, niliifungua kava mwenyewe. Vumbi limelala juu ya RAM halina hata alama ya kidole, na GB ni zilezile 4 alizonunulia. Ile programu ya boksi jekundu nikaiweka kwenye kompyuta nyengine, Windows mpya kabisa, haina kitu ndani. Nayo ikasoma hitilafu 1,486.

Alichokifanya ni kuzima programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta, basi. Nyingi tunazoziweka, za mikutano, za muziki, za printa, hujiandikisha zenyewe ziamke kila Windows inapoamka, na zote zinagombania RAM na diski kwa wakati mmoja. Kuzizima ni bure. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager. Nenda palipoandikwa Startup (Windows 11 ni Startup apps). Safu ya Startup impact inakuonesha ipi inachelewesha sana: High ndiyo nzito. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Disable. Programu haifutiki, utaifungua mwenyewe ukiihitaji. Ya sauti, ya tachipedi na Windows Security ziache. OneDrive ukiizima, ujue mafaili hayatapanda mtandaoni mpaka uifungue.

Humo humo kwenye Task Manager, ingia Performance kisha Memory, utaona una GB ngapi za RAM. Piga picha kabla hujampa fundi yeyote kompyuta yako, na tizama tena akiirudisha.

Hizo pesa mimi ningemsamehe. Lililonitia khofu ni jengine: kaacha ndani programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, imeshawekewa nywila asiyoijua mwenye mali. Programu za aina hiyo, kama AnyDesk na TeamViewer, ni za halali na maofisi yanazitumia kila siku. Lakini ikiwekwa kama huduma ya Windows, yaani ifanye kazi chini kwa chini bila ya kuifungua, huwaka hata kabla hujaandika nywila yako, na kwenye ile orodha ya Startup huenda usiione. Kwenye kompyuta ya mwalimu mna alama za wanafunzi, mna barua pepe, mna picha za watoto.

Kama kashakupitia, kata intaneti kwanza. Ingia Settings, Apps, Installed apps (Windows 10 imeandikwa Apps & features), uipange kwa tarehe, uone kilichoingia siku ile aliyoichukua. Piga picha ya skrini, ndipo ukiondoe. Nywila badilisha kwa kutumia simu, si kwa kompyuta ile. Anayetaka kuchimba zaidi ashushe Autoruns kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, ni ya bure, na inaonesha kila kinachojiwasha pamoja na vile visivyoonekana kwenye Task Manager. Usizime usichokijua humo.

Wala sisemi mafundi wote ni hivyo. Kompyuta yenye diski ya zamani ya kuzunguka, fundi akikuwekea SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, utaiona tofauti kubwa, na hela yake ni halali yake. Ila akufungulie mbele yako na akupe ile ya zamani mkononi.

Meseji zake na za malipo msizifute. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ya ruhusa ni kosa. Mimi na dada tunakwenda polisi Jumatatu asubuhi. Aliyepatwa aniandikie inboksi twende pamoja.