Bakwiti ya jangwani: mbegu nyota 4, chungu kikubwa nyota 1, kimche cha vuli nyota 5

Nianze na mama maana ndo wa kwanza kunivunja moyo. Nilimpigia Dodoma kwa video nikamwonyesha vikopo vyangu vya bakwiti ya jangwani vimepangwa barazani, akaangalia weee, afu akasema, "Mwanangu, umetoa hela kununua kichaka cha porini? Si ungeniambia nikutumie mbigili bure." Nikacheka ila iliniuma kidogo, kwa sababu mpaka siku hiyo nilikuwa nishaua vitatu, au tuseme viwili niliua mwenyewe na kimoja nilisaidiwa.

Kwa wasiokijua, jina lake la kitaalamu ni Eriogonum fasciculatum, kwetu hakina jina so mi nakiita bakwiti ya jangwani. Sio ile bakwiti nafaka ambayo Warusi wanapikia uji na Wajapani tambi, ila ni ukoo mmoja kabisa, na kambegu kake ukikaweka kiganjani kana pembe tatu vilevile kama ka nafaka, ni kadogo tu mno. Kinaota chenyewe California, Nevada, Utah, huku ninakoishi Arizona mpaka Mexico. Kinafika magotini, kikishiba kinakaribia kiuno, na kinatanuka kuliko kinavyorefuka. Majani membamba kama rozimari. Maua ni vifundo vyeupe vyenye upinki kwa mbali, yakizeeka hayadondoki, yanakauka palepale juu yanakuwa rangi ya kutu, na mimi hiyo kutu ndo iliyonivuta kuliko hata ua lenyewe.

Kwa nini nilihangaika nacho? Bili ya maji. Nyumba yetu hapa Phoenix tuliikuta na majani ya kizungu mbele, yale ya kufyeka kila wiki, na huu mji mwaka mzima unapata mvua kama milimita 180 hivi, Dodoma tunayoilalamikia kila siku inapata karibu mara tatu ya hiyo. Mesa na Scottsdale hapo jirani wanawalipa watu wang'oe majani ya namna hiyo. Mi niling'oa yangu bila kulipwa na mtu, nikabaki na uwanja wa vumbi, nikaanza kununua.

Chungu cha galoni moja, duka kubwa la mimea (silitaji jina)

Vyungu vitatu, Mei 2023, dola 14 kimoja. Vilikuwa vizuri jamani, vimenona, kijani kibichi, na maua juu. Lebo ina jina la Kiingereza na picha, basi, aina gani haisemi. Nikamuuliza kijana wa dukani nakimwagiliaje, akasema kila siku mpaka kishike. Nami nikatii asubuhi na jioni, na mnakumbuka Julai ile ya 2023, siku 31 mfululizo joto nyuzi 43 kwenda juu, nikawa nakionea huruma kama mtoto, nikiona majani yamelegea tu naongeza maji. Katikati ya Julai viwili vikaenda.

Nilipovifukua ndo nikaelewa. Mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya ule udongo mweusi wa dukani kama kata ya kubebea ndoo, haijatoka hata kidole kimoja kwenda kwenye ardhi yangu, na udongo unanuka. Mimea ya jangwani ya namna hii inavumilia joto na inavumilia ukavu, isichovumilia ni ardhi ya moto na yenye maji kwa pamoja, hapo hewa inaisha mizizini, kuvu wanaingia, mzizi unaoza, na mzizi ukioza majani yanalegea. We unaona kulegea unadhani ni kiu, unaongeza maji. Nilikuwa nakinywesha sumu kwa mapenzi.

Cha tatu nilikiacha bila maji nikaona kimeanza kukaa sawa, nikasafiri siku 8 kwenda harusini Minneapolis. Jirani yangu ni Mkongomani wa Bukavu, mtu mwema kweli, nimerudi namkuta kasimama pale na ndoo anatabasamu, "Ndugu, maua yako iko nakauka, mimi nilikuwa namwangia mayi kila mangaribi." Sasa unamjibuje mtu kama huyo? Nikashukuru. Wiki mbili baadae kikafa.

Na jambo jingine nililokuja kulijua: hiki kichaka kina aina zake, ya pwani ya California ina majani ya kijani zaidi, ya huku jangwani, wenyewe wanaiita polifolium, majani yake yana vinyweleo vya kijivu kama vumbi la majivu. Vile vya kwangu kwa muonekano vilikuwa vya pwani, vimezoea ukungu wa bahari, nimevileta kwenye kikaango. Msione ni mambo ya wataalamu tu hayo. Pale kwenye vilima vya mchanga pembeni ya uwanja wa ndege wa Los Angeles kuna kipepeo wa bluu anaitwa El Segundo, analelewa na bakwiti nyingine ya pale pale mchangani, sasa miaka ya 1970 watu wakapanda hii fasciculatum kwa nia njema kabisa, kumbe inachanua mapema, ikawa inalisha wadudu wengine wanaomnyang'anya kipepeo chakula. Ikabidi baadae waing'oe. So lebo isiyosema aina, kwangu ni nyota 1, na hiyo moja ni ya yule kijana kunibebea mpaka kwenye gari.

Pakiti ya mbegu ya mtandaoni

Dola 5 na senti, imekuja kwa posta, imeandikwa jina lote mpaka polifolium na jimbo ilikovunwa. Ukifungua utasikitika, inaonekana kama takataka za kufagia, maua makavu ya kahawia yamesagika. Usirudishe! Mbegu imo humo humo ndani ya ua, ua moja mbegu moja. Sugua kati ya viganja, pepeta kidogo kama unapepeta mchele ila taratibu, utaona vile vya pembe tatu. Maua mengi ni matupu, hilo ndo tatizo la hii mbegu na sio la muuzaji, kwa hiyo panda nyingi kuliko unavyohitaji.

Haitaki kuloweka siku tatu wala kuiweka friji. Inataka tu baridi kidogo ya hewa, na isizikwe. Mi nilipanda wiki ya kwanza ya Novemba, nikatumia katoni ndefu za maziwa nimezitoboa chini, kwa sababu hiki kitu kabla hata hakijaonyesha majani ya maana juu kinashusha mzizi mrefu chini, ukitumia kile kitrei kifupi cha mchicha unauharibu mapema. Mchanganyiko ni mchanga wa kokoto nusu, pelaiti (vile vipunje vyeupe vyepesi vya kupitisha hewa kwenye udongo) robo, mboji ya kawaida robo. Mbegu juu, nikazifunika kwa mchanga kiasi cha kuzificha tu. Siku ya 9 cha kwanza kikachomoza.

Kati ya sehemu 100 za mbegu nilizohesabu nilipata miche 19. Sita ikalala. Mnajua kulala? Asubuhi unakuta kimche kimekatika shingoni kwenye usawa wa udongo, ni kuvu wa unyevu, nami kosa langu nilikuwa namwagilia kwa juu na barazani hakuna upepo. Nikahamia kuweka katoni kwenye beseni la maji ya vidole viwili, zinanyonya kwa chini, natoa, na nikazisogeza kwenye jua na upepo. Hakuna kingine kilicholala. Februari nikahamishia ardhini 13 iliyobaki.

Hapo kwenye ardhi jiandaeni. Phoenix ukichimba kidogo unakutana na tabaka jeupe la chokaa gumu kama saruji, wanaliita kaliche, sururu inadunda. Jaza shimo maji jioni, asubuhi ukiyakuta bado yamo, hapo sio mahali pake, sogea. Mashimo mawili nilisogea. Hakuna samadi, hakuna mbolea ya dukani, ukikilisha kinarefuka kwa pupa, kinakuwa laini, kinapasuka katikati na hakikai miaka.

Maji: wiki moja moja mpaka Machi, afu wiki mbili mbili, kiangazi wiki tatu, lakini kila nikimwagilia namwagilia kweli maji yashuke chini, alfajiri ardhi ikiwa imepoa. Kiangazi cha 2024 kilikuwa siku 113 mfululizo za nyuzi 38 kwenda juu, rekodi ya mji, na miche yangu ilidondosha majani ikabaki vijiti, nikajua safari hii ndo basi. Kuna njia, kwangua ganda kwa ukucha kidogo tu, chini yake kukiwa kijani kiko hai, kiache. Kati ya 13 vilikufa 4. Tisa kutoka pakiti ya dola 5, fanyeni hesabu wenyewe na vile vya dola 14. Nyota 4, ya tano nimeikata kwa sababu pakiti haina hata neno moja kuhusu ua tupu, mtu mgeni anaweza kutupa yote jalalani.

Kimche kidogo, mauzo ya vuli ya Desert Botanical Garden

Hii ni bustani ya mimea ya jangwani ya hapa hapa Phoenix. Hawa wana mauzo ya mimea masika na vuli, nenda ya vuli. Oktoba 2024 nilichukua viwili kwenye vyungu vyembamba virefu, vidogo mpaka mke wangu akauliza kama nimepewa sampuli. Majani ya kijivu, lebo ina jina zima, na nilipomuuliza mama mmoja wa pale habari za maji, badala ya kunijibu kaniuliza kwanza udongo wangu ukoje. Hapo tu nikampenda. Nikapanda wiki ileile, baridi nzima mizizi inashuka bila mtu kuiona, na kufika Mei vilikuwa vinalingana na vya mbegu vyenye mwaka na zaidi. Vyote viwili vizima. Nyota 5.

Na kama unacho kimoja tayari huna haja ya kununua tena. Nimejaribu vipandikizi, Januari, ncha changa zisizo na ua, urefu wa kidole cha kati, majani ya chini nimetoa, poda ya kuotesha mizizi, pelaiti na mchanga. 24 nilivyopanda, 7 vikatoa mizizi baada ya miezi miwili, vingine vikawa vyeusi. Sio mbaya ila ni kazi. Njia ya wavivu ni bora: tawi la chini linalogusa ardhi, lifukie kidogo, weka jiwe juu, sahau. Msimu unaofuata limeota mizizi, kata, hamisha. Ila usiende kukata kwenye hifadhi za huko milimani, hairuhusiwi.

Kupogoa, baada ya maua kukauka punguza vijiti vichanga kama theluthi, usishuke kwenye mti mkavu wa zamani, huko hakichipui vizuri. Mi naacha maua makavu mpaka Desemba maana ndege wanayafuata, na nachota mbegu zangu humo humo.

Nyuki sasa. Tangu Mei mpaka joto lizidi, vichaka vinavuma. Sio nyuki wa asali tu, ingawa California wanavuna asali nzuri ya ua hili, kuna vile vidogo kama chawa wa kuku, kuna nyigu, kuna vipepeo vya bluu vya saizi ya ukucha. Nimesoma pia kwamba Cahuilla, wenyeji wa kusini mwa California, walikuwa wanachemsha majani yake kwa maumivu ya kichwa na tumbo, ila mimi sijaonja msiniulize ladha.

Mama nilimpigia tena Juni nikamwonyesha. Kanyamaza, afu, "Hiyo kutu juu ndo maua?" Ndiyo mama. "Basi nitunzie mbegu, nione kama itashika huku." Nikamwambia hapana mama, mbegu za porini hazipelekwi nchi nyingine hivihivi, itakuja kuwa kero huko. Kanuna mpaka leo.

Jirani nimempa vimche viwili vya tawi la kufukia, kavipanda upande wake wa uzio. Kila mangaribi namuona anatoka na ndoo, anavitazama, ananitazama, anarudi nayo ndani.