TAHADHARI KIGOMA: Kuna "fundi" wa friji anapita majumbani na dawa ya koili na gesi hewa

Ndugu zangu wa Kigoma, hasa mlioko Mwanga, Katubuka, Gungu na Rusimbi, naomba msome hadi mwisho. Na kama nyumbani kuna mzazi anayeshinda peke yake mchana, msomeeni. Kuna mtu anapita nyumba kwa nyumba akijiita fundi wa friji. Mimi kanila shilingi 95,000 na nusura aniulie friji. Hadi leo naandika nimeshajua nyumba nne alizopita, na kote kacheza mchezo uleule.

Kwangu alikuja mwezi wa nane, vumbi la kiangazi likiwa limekolea. Akapiga hodi, akaniamkia vizuri, "Shikamoo mama," ovaroli safi, kitambulisho shingoni, begi la vifaa mgongoni. Akasema ametumwa na duka nililonunulia friji, wanazungukia wateja kufanya sevisi. Jina la duka hakulitaja. Aliuliza, "Mama si ulinunua pale..." akanyamaza, nami nikammalizia. Hilo nimekuja kulikumbuka baadaye kabisa, usiku, usingizi umekataa. Nimeshakwenda dukani, hawamjui.

Na alinikuta pabaya, maana friji kweli ilikuwa inanisumbua. Ni friji ya nyumbani ya kawaida, lakini ndiyo inayonisaidia kulisha watoto: nagandisha barafu, nauza juisi ya ukwaju, na kuna siku nawahifadhia kina mama wa Kibirizi migebuka yao iliyobaki jioni. Kwa wiki kadhaa ilikuwa inaunguruma bila kupumzika, barafu haigandi hadi asubuhi, na umeme wa elfu kumi uliokuwa unanifikisha siku kumi na nane ukawa unakata siku ya kumi na moja. Mtu akitokea mlangoni akasema "mama, nikuangalizie friji", utamfukuza vipi?

Akaivuta kutoka ukutani. Kule nyuma kulikuwa kunatisha. Zile waya nyeusi zilizopangwa kama wavu, ambazo mafundi wanaziita kondensa au koili, zilikuwa zimevaa blanketi. Vumbi, majivu ya jiko la mkaa na mvuke wa mawese wa miaka mitatu vimeshikana vikawa kama sufi ya mto, nzito, rangi ya ugoro. Ukibandua kipande kinatoka kizima kama kitambaa. Akasema kusafisha ni elfu kumi na tano, na dawa maalumu ya koili ni elfu kumi. Nikakubali.

Dawa yenyewe ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, kizibo kimetobolewa. Alipoipuliza ikatoa povu jeupe, vumbi likaanza kudondoka lenyewe, na harufu ikanipanda puani kama maji ya betri. Nilifurahi, nisiseme uongo. Kisha akaomba maji ya moto na kitambaa. Nikaenda jikoni kama dakika kumi hivi. Niliporudi mlango wa friji ulikuwa wazi. "Mama, weka mkono. Unasikia baridi?" Sikusikia. "Gesi imeisha. Ukiiwasha hivi, mashine inaungua leo leo." Gesi ni elfu sabini.

Nilisita. Akatoa mtungi mdogo wenye mpira na mita ya presha, akainama nyuma ya friji, akaniambia nikae mbali kwa sababu gesi inaharibu macho. Nikasikia shiii, kama dakika mbili. Akainuka, akaichomeka, akaniambia nisiifungue kwa saa sita. Nikamtumia pesa kwa simu. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, akasema ni la mke wake.

Kesho yake friji ikapoa vizuri. Barafu ikaganda. Nikamsifu kwa watu, na linaloniuma kuliko hata pesa ni kwamba nilimwelekeza mwenyewe kwa bibi mmoja wa Katubuka ambaye namheshimu kama mama yangu mzazi.

Baada ya wiki nikaona zile waya zimeanza kutoa kutu, hasa kwenye kona za chini, na rangi inabambuka ukigusa. Nikampigia, simu haipatikani. Nikamwita kijana wa hapa mtaani aliyesomea mambo ya majokofu VETA. Huyu hakuanza na bei. Alichomoa plagi, akapiga goti na tochi, akakaa kimya muda, halafu akasema, "Mama, njoo uone hapa."

Pale chini nyuma ya friji kuna kompresa, lile dude jeusi la mviringo linalounguruma. Yanaingia na kutoka mabomba membamba ya shaba, na kuna kibomba kimoja kifupi ambacho hakiendi popote. Ncha yake imebanwa bapa na kuzibwa kiwandani. Hapo ndipo gesi inapoingilia. Changu kilikuwa kimebanwa vilevile, rangi yake nyeusi haina mkwaruzo, na vumbi la miaka mitatu limelala juu yake halijaguswa. Kijana akaniuliza, "Sasa gesi imepitia wapi?"

Nilikaa chini. Lile shiii lilikuwa hewa inatoka kwenye mtungi kwenda sakafuni.

Akanieleza, nami nawaeleza nyie. Gesi ya friji haiishi kama gesi ya kupikia. Haichomwi wala hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa pande zote, ileile, mwaka hadi mwaka: inachukua joto la ndani, kompresa inaisukuma, inakwenda kulitoa kule nyuma kwenye kondensa, inarudi tena. Ikipungua, ujue kuna tundu mahali. Anayekuongezea bila kutafuta tundu na kuliziba anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Na kuijaza ni kazi inayoonekana kwa macho: ile ncha inakatwa na kuchomelewa valvu inayofanana na ya tairi la gari, au valvu ya kutobolea inabanwa juu ya bomba. Kisha hewa na unyevu vinavutwa kwa pampu, ndipo gesi inaingizwa kwa kupimwa kwa gramu. Dakika mbili? Hakuna.

Mbona basi ilipoa? Kwa sababu vumbi lilitoka. Tatizo langu lote lilikuwa lile blanketi. Joto lililotolewa ndani lilikuwa halina pa kutokea, kompresa ikawa inahangaika usiku na mchana na kula umeme wangu. Na ile "hakuna baridi" aliyonionyesha ilikuwa hila: friji ilikuwa imechomolewa na mlango uko wazi, na kitufe cha kuongezea baridi, ambacho mimi huwa nakiacha kwenye 4, kilikuwa kwenye 1. Nilikiona siku ileile jioni nikadhani ni watoto.

Kuna kipimo ambacho kijana alinifundisha, na ningekijua siku ile ningemfukuza na mtungi wake. Friji ikiwa imewaka kama nusu saa, peleka kiganja nyuma, karibu na zile waya. Zikiwa za moto sana na ndani baridi ni hafifu, shuku uchafu kwanza, au friji imebanwa ukutani. Zikiwa hazina joto lolote wakati kompresa inaunguruma, na ndani ya friza barafu inashika kona moja tu huku kwingine kukavu, hapo ndipo uanze kufikiria gesi. Zangu zilikuwa zinachoma mkono kwa wiki nzima kabla hajaja.

Tazama pia kibandiko cha kiwandani nyuma ya friji au ndani ya mlango. Kinaandika aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Friji nyingi za sasa ni R600a, zilizotangulia ni R134a. Hizi mbili haziingiliani, na R600a inawaka moto. Mtu anayekuja na mtungi bila kuuliza wala kusoma kibandiko, tena jiko la mkaa likiwa hatua tatu kutoka hapo, anacheza na roho za watu. Muulize tu, "Friji yangu inatumia gesi gani, na gramu ngapi?" Wa kwangu nisingemuuliza hivyo kwa sababu sikujua kama kuna cha kuuliza.

Wifi yangu wa Gungu aliponea chupuchupu. Friji yake ni ya hizi mpya, nyuma ni bapa, haina wavu. Huyo bwana akamwambia koili "zimezama ndani" kwa hiyo inabidi atoboe ukuta wa friji apitishe dawa. Jamani! Friji za namna hiyo mabomba yake yamefichwa kwenye kuta za ubavuni, ndiyo maana ukizigusa pembeni unasikia joto, na joto hilo ni la kawaida. Hakuna cha kuosha. Zinataka nafasi ya kupumua tu. Ukitoboa unaweza kutoboa bomba, na hapo friji imekwisha. Kaka yangu alirudi kutoka kazini kabla hajaanza, akamtoa nje.

Bibi wa Katubuka hakubahatika. Kwake ile dawa imekula bomba kwenye kona ya chini, na sasa gesi imetoka kweli. Kijana amelikagua, bomba linatakiwa kubadilishwa ndipo ijazwe upya. Tunachanga.

Kusafisha kwenyewe, ndugu zangu, hakuna haja ya mtu wa begi. Chomoa plagi, acha nusu saa waya zipoe. Vuta friji taratibu bila kuilaza, na usishike mabomba. Chukua brashi ya rangi ya inchi mbili, ile laini, pitisha toka juu kwenda chini kufuata waya, vumbi lidondokee kwenye gazeti. Penye mafuta yaliyogandamana tumia kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kikamuliwe hasa, kisha kausha. Usimwagie maji, maana pembeni ya kompresa kuna viunganishi vya umeme. Usitumie kisu wala brashi ya chuma. Juu ya kompresa kuna kisahani kinachopokea maji ya barafu iliyoyeyuka, na hicho mara nyingi ndicho kinanuka, kifute. Ukirudisha friji acha upana wa kiganja kati yake na ukuta. Mimi nilikuwa nimeibana kabisa, na gunia la dagaa nimelisukumia nyuma. Yaani nilikuwa naiziba pumzi kwa mikono yangu. Ukishachomoa plagi, usichomeke tena papo hapo. Subiri dakika tano angalau presha ya ndani itulie, la sivyo kompresa inapata shida kuanza.

Kwa sisi wapishi wa mkaa na vumbi hili la kuanzia mwezi wa sita hadi mvua zianze, kila miezi mitatu siyo nyingi. Mimi nimeshafanya mara mbili tangu hapo, kazi ya dakika ishirini, na umeme wa elfu kumi umerudi kwenye siku zake.

Zile kutu kijana amezisafisha, ameniosheа waya kwa maji ya sabuni kidogo kuondoa mabaki ya dawa, akakausha na kupaka rangi. Ananiambia nichungulie kona za chini kila wiki. Nikiona unyevu wa mafuta, nimwite, maana gesi ikivuja hutoka na mafuta ya kompresa. Mpaka leo hakuna.

Nimesharipoti kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi, pamoja na meseji ya muamala. Kama amepita kwako, usifute meseji, na chupa ya dawa kama aliiacha usiitupe wala kuimimina. Ifunge, iweke mbali na watoto, uipeleke. Habari ya mwisho niliyopata ni ya juzi Jumamosi: ovaroli ileile na begi lileile, alionekana akiulizia nyumba zenye friji maeneo ya Ujiji.