Chama cha akina dada hapa chuoni: nyota tatu kati ya tano

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza mnaoulizana kama mjiunge na wale dada wa fulana za zambarau: mimi ni mwanachama, niko mwaka wa tatu. Jina la chama silitaji, maana bado nalala nao nyumba moja hapa Nyegezi, Mwanza.

Kwanza hela. Kiingilio ni 20,000, na hiyo mtaambiwa siku ya kwanza. Fulana mtaambiwa siku ya pili. Kitenge cha sare mtakisikia bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likishaingia, wala si kwa bahati. Halafu kuna sendofu na kicheni pati za dada waliohitimu, kila moja na mchango wake, na kwenye kundi la WhatsApp wanabandika majina ya ambao hawajatoa. Langu huwa juu kabisa ya orodha.

Mwenyekiti atawaambia mambo haya ni ya Marekani, na kwamba Kamala Harris, aliyekuwa makamu wa rais kule, naye ni dada wa Alpha Kappa Alpha, chama kama hiki. Ni kweli. Alijiunga akisoma Chuo Kikuu cha Howard, na chama hicho kilianzishwa hukohuko mwaka 1908. Asichokisema ni kwamba kwenye vyama vya namna hiyo kule, wageni wameteswa katika kupokelewa, wengine wakafa, mpaka mwaka 2024 ikapitishwa sheria ya kuvitaka vyuo viripoti visa hivyo. Kwetu hayajafika huko. Mtapara sato wa kulisha chama kizima pale Luchelele, wakubwa wamekaa juu ya mawe wanawapiga picha, kisha mtajitambulisha kwa kuimba. Asiyetaka kuimba anaachwa. Kwenye samaki ndiyo hakuna kuponea. Kuna mwenzetu wa Dodoma alilia, hajawahi kumshika samaki mzima maishani mwake.

Ile mitihani ya nyuma wanayoitangaza kama siri ya chama msidanganyike nayo. Stesheneri ya getini wanayo, kwa bei ya kutoa kopi.

Kinachonibakiza ni kingine. Mama yangu yuko Songea. Malaria iliponikamata wiki ya mitihani, hawa dada walikodi bajaji usiku, mmoja akakesha na mimi hospitali, mwingine asubuhi akapeleka taarifa idarani ili nisihesabiwe mtoro. Na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini: ofisi za mjini zilinizungusha na barua yangu mpaka viatu vikaisha soli. Dada mmoja mhitimu, yuko kiwanda cha minofu ya sangara, aliichukua Jumatatu, Jumatano nikaitwa. Hakuniomba hata soda.

Nyota mbili nimezikata kwa sababu ya mhazini. Tulipouliza hela ya msiba imeenda wapi, tukajibiwa kwamba ndugu hawadaiani risiti. Tangu hapo natoa ada ya muhula tu, na hakuna aliyenifukuza.

Kwa hiyo, mwenye shangazi Igoma au Buhongwa wa kumuuguza, hiyo 20,000 ajazie gesi. Aliyetoka mbali na hapa Mwanza hamjui mtu, ajiunge, ila aombe kwanza kuliona daftari la mapato na matumizi, na asitume hela kwenye namba ya mtu binafsi. Kitenge nacho msinunue kwao. Sokoni Makoroboi kipo kilekile, na mkienda wengi mnapunguziwa.